Maswali Yenu: Meza na Viti vya Kioo

Nataka meza ya kulia ya kioo, sm 180 kwa 90, juu ya miguu miwili ya chuma. Fundi wa Industrial Area anasema mm 8 inatosha. Ni kweli? *Msomaji, South B*

Mm 8 inatosha kufunikia meza ya mbao. Kioo kinachojibeba chenyewe, agiza mm 12, kiwe kimeimarishwa kwa joto. Kila mita mraba ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo chako kitafika karibu kilo 49. Kama uko ghorofa ya nne na lifti ni ya kubahatisha, panga wabebaji mapema.

Miguu usiisogeze ndani mno. Ncha ikitokeza sm 40 na mtu wa kilo 80 akaikalia, kioo kisichogundishwa kitainuka upande wa pili. Sm 30 au pungufu ni afadhali.

Matundu yote yatobolewe kabla ya kioo kuingia tanuri. Kikishaimarishwa hakikatwi tena. Kiguse na keekee kisambaratike chote. Wapo wanaouza kioo cha kawaida kwa bei ya kilichoimarishwa, basi tafuta mhuri mdogo kwenye kona. Huuoni? Vaa miwani ya jua ya polaroidi ukitazame kwa mshazari mchana: kilichoimarishwa huonyesha madoa au mistari ya kivuli.

Meza yetu ya sebuleni ilipasuka saa nane usiku, hakuna aliyeigusa. Mama mkwe anasema si bure. *Baba wa watoto wawili, Kasarani*

Mtulize mama. Kioo kilichoimarishwa kina mvutano ndani yake muda wote, na udhaifu wake uko ukingoni. Kikigongwa ubavuni na kiti au na ndoo ya mop, kidonda kidogo kinaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kupasuka. Sababu nyingine ni skrubu iliyokazwa chuma kwa kioo bila mpira katikati. Ya tatu ni chembe ya nikeli salfaidi iliyobaki ndani tangu kiwandani, ambayo hupanuka polepole. Kama vipande havijatupwa, tafuta viwili vikubwa vilivyoshikana mithili ya mbawa za kipepeo: hapo ndipo mpasuko ulipoanzia. Vikiwa katikati ya meza, shuku chembe. Vikiwa ukingoni, shuku kugongwa.

Kwa meza mpya yenye watoto karibu, chukua kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki kati, ili kikivunjika vipande vibaki vimeshikana.

Fundi wangu anaweza kunakili kile kiti cha kioo kitupu cha Kiitaliano? *Msomaji, Kileleshwa*

Bila shaka unasema Ghost, cha wabunifu Cini Boeri na Tomu Katayanagi, kilichotolewa na kampuni ya Fiam mwaka 1987. Kile ni bamba moja la mm 12 lililopindwa tanurini, hakina kiungo. Fundi wako atagundisha mabamba bapa, na kila unapoegemea mgongo, gundi ndiyo itakayobeba mzigo. Mpe kazi ya kimeza cha kando badala yake.