Mwanahisa au mteja: nani atangulie?

Nina hisa chache. Bodi inashusha bei ili kuwaridhisha wateja, na gawio letu, yaani sehemu ya faida tunayolipwa wanahisa, linapungua. Naweza kuishtaki?

Kushtaki unaweza, kushinda ndiyo kazi. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Dodge dhidi ya kampuni ya Ford, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Michigan, Marekani, mwaka 1919. Henry Ford alishusha bei ya gari kutoka dola 440 hadi 360, akazuia gawio maalumu, na hakuficha kwamba aliona faida imezidi. Ndugu wawili wa Dodge, wenye asilimia 10 ya hisa, walimburuta mahakamani. Majaji wakasema kampuni ya biashara huendeshwa hasa kwa faida ya wanahisa, wakaamuru gawio la dola milioni 19 na ushei lilipwe.

Wengi huishia hapo. Mahakama hiyohiyo ilikataa kuzuia upanuzi wa kiwanda, kwa kuwa majaji si wataalamu wa biashara. Kwa maoni yetu, Ford aliponzwa na rundo la fedha alilokalia pamoja na ulimi wake. Mkurugenzi anayesema "nashusha bei ili nipate wanunuzi wengi zaidi" ni vigumu kumgusa. Silaha yako ni kura. Hata hivyo, kwa kanuni za kawaida za kampuni, mkutano mkuu hauwezi kupitisha gawio kubwa kuliko lililopendekezwa na bodi. Mnachoweza ni kuibadili bodi yenyewe.

Sheria ya Kenya inamtaja mteja?

Inamtaja. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi afanikishe kampuni kwa manufaa ya wanachama wake, yaani wanahisa, huku akizingatia wafanyakazi, wauzaji, wateja na mazingira. Kuzingatiwa si kutangulizwa.

Nimelipia kabati nusu bei, duka likafilisika. Mimi na wenye hisa, nani hulipwa kwanza?

Wewe, ila foleni ni ndefu: mbele yako wamo benki yenye dhamana, gharama za ufilisi, mishahara na kodi. Mwenye hisa yuko mkiani. Mara nyingi fedha huisha kabla hazijawafikia ninyi nyote, kwa hiyo toa arbuni ndogo, umalizie kabati likifika.

Katika SACCOS yetu wanahisa ndio wateja. Ugomvi unatoka wapi?

Kati ya wanaoweka na wanaokopa. Chukua mfano: akiba milioni 400, yote imekopeshwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Mapato milioni 48, matumizi milioni 16, zinabaki 32. Wawekaji wakidai asilimia 8 ya akiba zao, milioni 32 zote zimekwenda, na hakuna fedha ya kufidia mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa. Wakikubali asilimia 6, zinabaki milioni 8. Mkitaka pia kuwapunguzia wakopaji riba hadi asilimia 11, nne kati ya hizo zinaondoka. Pigeni hesabu hii ubaoni kabla ya kura, na tengeni kwanza fedha ya kufidia mikopo chechefu.