Kuunga mbao ya dari juu ya ukuta wa ndani

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nyumba yetu iko Chuno, Mtwara, aliijenga marehemu baba kwa tofali za sementi na bati. Mchwa wamekula mbao moja ya dari, ile inayotoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje wa pili, futi 23. Mbao za inchi mbili kwa nne nilizopata ni za futi 12. Fundi anataka kukutanisha mbili juu ya ukuta unaotenga sebule na chumba, zipishane futi moja, apige misumari miwili. Ukuta huo ni wa inchi 5. Utabeba? Na ni lazima pawe na wolpleti, ile mbao inayolazwa juu ya ukuta?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa mchwa. Ukuta utabeba, mradi umejengwa juu ya msingi wake na hauna nyufa. Uzito wa dari si mzigo wa kuutisha. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo misumari miwili.

Mbao hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaiona: kushikilia dari. Ya pili ni kuzivuta rafta, zile mbao za mteremko zinazobeba bati, za pande mbili ili miguu yake isitanuke na kuzisukuma kuta za nje. Ukuta wa ndani unasaidia kazi ya kwanza tu. Ya pili yote inabebwa na kiungo, na kiungo cha misumari miwili kikianza kulegea, utaona ufa wa mlalo juu ya ukuta wa nje wakati dari bado inaonekana nzima.

Kabla ya yote, fundi apande darini na tochi. Akikuta mbao za mshazari zinazounganisha mbao ya chini na rafta, hiyo ni kenchi kamili, iliyopangwa uzito wake uende kuta za nje. Ukiikandamiza juu ya ukuta wa katikati, mbao zilizowekwa kuvuta zinaweza kuanza kusukumwa. Hapo asikate kitu mpaka mhandisi afike aone. Kama hakuna mshazari, ni rafta na mbao ya dari tu, endelea hivi.

Zisipishane. Futi moja ni fupi mno. Kata kila mbao futi 11 na nusu, zikutane kichwa kwa kichwa katikati ya ukuta, kila moja ilale inchi mbili na nusu. Inatosha kwa kulalia. Kisha chukua vipande viwili vya mbili kwa nne vya futi 4, kimoja kila ubavu, futi 2 huku na futi 2 huku. Toboa na upitishe boliti za milimita 10 zenye washa (vile vipete vya chuma), tatu kila upande wa kiungo. Boliti isikae karibu na kichwa cha mbao kuliko inchi 4, la sivyo mbao itapasuka kufuata nyuzi zake. Huku pwani chuma kinaliwa haraka na hewa ya chumvi, kwa hiyo nunua boliti na misumari iliyopakwa zinki.

Wolpleti ndiyo, iwekwe. Mbao bila wolpleti inakalia tofali moja, na mara nyingi tofali za juu kabisa zimeshikwa na udongo mchache wa sementi. Zisukume kwa mkono uone. Mbao ya mbili kwa nne iliyolazwa bapa juu ya nailoni ngumu, ikafungwa ukutani, inausambaza uzito kwenye tofali kadhaa. Mbao ya dari isiangukie juu ya mlango usio na linta, ile boriti ya juu ya mlango. Ukuta ukiwa chini kidogo, jaza kwa kabari za mbao ngumu, si kwa karatasi za mfuko wa sementi kama ninavyozikuta mara kwa mara. Ukiwa juu, chonga tofali. Usikubali mbao ichongwe tumbo ili ikae sawa: ufa huanzia kwenye kona ya pale ilipochongwa na kutambaa kuelekea katikati ya chumba.

Miisho ya kuta za nje nayo ipigiliwe vizuri kwenye rafta, na rafta zifungwe kwenye wolpleti ya nje. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Upepo wa namna hiyo hulinyanyua paa.

Mchwa wenyewe bado wapo. Fuata njia zao za udongo ukutani mpaka chini, uzivunje na kutia dawa, vinginevyo umewapelekea chakula kipya. Hata mbao iliyotiwa dawa kiwandani, ikikatwa, kichwa kinabaki wazi. Kila mkato na kila tundu la boliti lipakwe dawa kabla ya kufungwa.

Wakati wa kazi, mirunda ya kushikilia mbao isimame pande zote mbili za ukuta, juu ya ubao mpana ili isitoboe sakafu, na isiondolewe kabla boliti hazijakazwa zote. Acha tundu la kupanda darini. Mbao ikikauka hunywea, hivyo baada ya miezi miwili mitatu fundi arudi na spana azikaze boliti tena.