Cheche ya Injini ya Zamani

SWALI: Pikapu yangu ya Ford F-1 ya mwaka 1950, yenye injini ya V8, imekuwa nzito mlimani tangu nilipoifungia kabureta ya aina nyingine. Fundi alipofungua distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi) hakukuta vile vyuma vinavyotanuka. Je, viliondolewa?

JIBU: Havikuondolewa, ndugu msomaji, havikuwamo tangu kiwandani. Katika distribyuta nyingi, vyuma viwili vilivyoshikwa na springi hutanuka kadiri mzunguko unavyoongezeka na kuiwahisha cheche, huku diaframu (utando) inayovutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa ya injini, ikiiwahisha zaidi injini inapokuwa na mzigo mdogo, kwa sababu mchanganyiko hafifu wa hewa na mafuta wa wakati huo huungua polepole. Ford ya wakati huo ilitegemea vakyumu peke yake, ikiichukua sehemu mbili za kabureta: karibu na kilango cha hewa kinachofunguka unapokanyaga mafuta, na kwenye koo jembamba, ambapo mvuto hukua kadiri hewa nyingi inavyopita. Kabureta isiyo na tundu hilo la kooni huiacha cheche ikichelewa unapokanyaga mafuta mlimani. Rudisha kabureta ya asili, au tafuta distribyuta yenye vyuma. Usijaribu kufidia kwa kuzungusha distribyuta nzima, kwani cheche ikiwahi mno na injini ikianza kugonga itaharibu pistoni. Kagua pia diaframu: nyonya bomba lake, na sahani ya pointi (viunganishi vya umeme ndani ya distribyuta) isiposogea, basi diaframu imetoboka au sahani imekwama.