Mhusika Wangu Namwachia Nani, na Namkabidhi Vipi?

Wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika mtandaoni, iwe ile ya kuandikiana hadithi kwa zamu au ile mikubwa ya mapanga na vyombo vya anga, hufika siku wakaondoka. Mwingine amechoka, mwingine amepata mtoto, mwingine kazi mpya imemla muda wote. Mhusika hubaki, na mara nyingi kuna mtu pembeni anayemtaka. Maswali ya safari hii yote yametoka hapo.

Naacha kucheza mwisho wa mwezi. Rafiki yangu anamtaka mhusika wangu, tabibu niliyemwandika kwa miaka minne. Si nimpe tu nywila, yaishe?

Usimpe, maana haitaisha. Nywila ni ufunguo wa mlango tu. Hati ya nyumba ni barua pepe iliyosajiliwa. Mwenye barua pepe ndiye anayeweza kubofya "nimesahau nywila" saa nane za usiku na kuirudisha akaunti mikononi mwake, hata kama aliitoa mwaka juzi kwa moyo mweupe.

Yamenikuta nikiwa admini wa kundi dogo la kuandika. Mchezaji mmoja alimpa mwenzake mhusika, mshauri wa mfalme, kwa kumtumia nywila kwenye ujumbe mfupi. Miezi minane baadaye wakakosana kwa jambo ambalo halikuhusu mchezo kabisa. Usiku huo mwenye asili akairudisha akaunti, akaingia katikati ya kikao cha baraza kilichokuwa kikiandikwa na watu saba, na kumnywesha mshauri sumu. Aya mbili tu, tena zimeandikwa vizuri, lazima nikiri. Asubuhi wenzake wanaamka wana maiti mezani. Wote wawili walinijia. Kila mmoja alikuwa na haki kiasi, na kila mmoja alikuwa na skrinshoti.

Kwa hiyo mpitie admini. Nyote wawili mwandikieni kutoka akaunti zenu mnazofahamika nazo, ili ajue hakuna anayelazimishwa wala kuigizwa. Kisha safisha inboksi. Hili ndilo husahauliwa kuliko yote. Miaka minne si mchezo. Kuna watu walikuandikia faraghani kuhusu ugonjwa, kuhusu ndoa, kuhusu mambo wasiyowaambia hata ndugu zao. Walikuandikia wewe, hawakumwandikia huyo rafiki yako. Kama kuna unachotaka kubaki nacho, nakili pembeni, halafu futa.

Ukimaliza hapo, ondoa uthibitisho wa hatua mbili uliofungwa kwenye simu yako, la sivyo namba za kuingilia zitaendelea kuja kwako naye anabaki nje anabisha hodi. Badilisha barua pepe iwe yake, aithibitishe, kisha aweke mwenyewe nywila mpya. Ya zamani asiione kabisa, maana nakuhakikishia umeitumia na mahali pengine. Mwisho, toka kwenye akaunti hiyo katika vifaa vyako vyote ilikoachwa wazi. Kompyuta ya zamani iliyosahauliwa ikiwa bado imo ndani ya akaunti inaweza kumweka mtu matatani bila hata yeye kujua.

Naweza kumuuza?

Inategemea mchezo, na kwa mingi jibu ni hapana. World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, unakubali kuhamisha mhusika kutoka akaunti moja hadi nyingine iwapo akaunti zote mbili zimeandikishwa kwa jina la mtu yuleyule. Kumuuzia mtu baki ni kuvunja mkataba ulioukubali siku ulipojisajili bila kuusoma. Soko la mtandaoni la eBay nalo liliacha minada ya mali za michezo, akaunti zikiwemo, mwanzoni mwa 2007.

EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga, ndio wenye utaratibu ninaouheshimu. Kule kuna soko rasmi la wahusika. Unamnadi hadharani, unalipwa kwa fedha ya ndani ya mchezo, na kampuni yenyewe ndiyo inayomhamisha kwa ada. Kuuza kwa pesa halisi ni marufuku. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba muuzaji hutakiwa kutaja wazi mhusika yuko kituo gani, kwamba pochi yake haina deni, na kama kuna wachezaji wenye haki ya kumlipizia kisasi. Mnunuzi anajua anamchukua mtu na maadui zake. Makundi ya kuandika hadithi, ambayo hujiona yana utu kuliko hiyo michezo ya vita, mengi hayana hata sentensi moja ya namna hiyo kwenye kanuni zao.

Ukinunua pembeni, kwa mtu usiyemjua, jua kwamba mwenye risiti ya kwanza ndiye kampuni itakayemwamini. Atakuuzia leo, mwezi ujao atalalamika kuwa ameibiwa, na atarudishiwa. Pesa yako hutaiona tena.

Nasafiri wiki tatu. Nimwazime mwenzangu mhusika ili hadithi isisimame?

Mhusika aazimwe, akaunti isiazimwe. Mwenzako amwandike kutoka akaunti yake mwenyewe, juu ya andiko aweke jina la mhusika na neno "kwa niaba", basi. Mkubaliane mapema nini hakiruhusiwi. Mimi huweka vitatu: asife, asioe, asitoe siri yake kuu. Mengine yote yanarekebishika.

Kuazimana vitu vya mchezoni watu hukuona jambo dogo. Mjini Shanghai mchezaji mmoja alimwazima mwenzake upanga wa mchezoni, na huyo mwenzake akauuza kwa yuan 7,200. Mwenye upanga alikwenda polisi, akaambiwa kitu kisichoshikika hakina sheria ya kukilinda. Mwaka 2005 alimwendea mwenzake akamchoma kisu, na mwenzake akafa. Sisemi yatawafika haya. Nasema tu kwamba mtu aliyetumia saa elfu moja kukipata kitu hakioni kama kivuli, hata kama wengine wote wanakiona hivyo.

Nilimbuni mhusika, nikampa mtu. Sasa nataka kumtumia kwenye riwaya yangu. Ni wa nani?

Tenganisha vitu vitatu. Akaunti kwa kawaida ni ya wanaoendesha mchezo. Wewe ulipewa ruhusa ya kuitumia tu. Maandishi ni ya aliyeyaandika, sentensi kwa sentensi. Mkataba wa Berne, wa mwaka 1886, ndio msingi wa nchi nyingi kumlinda mwandishi tangu anapoandika, bila kusajili popote. Kumkabidhi mtu akaunti hakumpi haki juu ya aya zako za miaka yote, na aya atakazoandika yeye si zako pia. Tena katika nchi nyingi hakimiliki haihami kwa mdomo. Inataka maandishi yenye saini.

Cha tatu ni wazo lenyewe, tuseme tabibu anayeogopa damu. Wazo tupu halilindwi. Jina peke yake, mara nyingi, nalo halilindwi.

Kwa hiyo riwaya unaweza kuandika, mradi uchote kwenye yale uliyoandika mwenyewe. Mandhari ya kundi, majibu ya wenzako, au tuseme binti wa mvuvi aliyebuniwa na mtu mwingine: hivyo viombee ruhusa au viache. Na kama mchezo wenu umejengwa juu ya ulimwengu wa mwandishi mwingine anayefahamika, badili zaidi ya majina.

Siku ya kukabidhi andikeni sentensi mbili: aliyepewa anaruhusiwa kumwendeleza mhusika ndani ya kundi, na mbunifu anabaki huru kumtumia kwingine. Ingekuepusha na swali hili.

Mchezaji wetu ametoweka miezi sita. Mhusika wake ni muhimu. Mimi ni admini, naweza kuingia na kumpa mtu mwingine akaunti?

Uwezo unao. Ukifanya hivyo, umemfungulia mtu mwingine anwani ya barua pepe ya aliyetoweka, ujumbe wake wa faragha, na pengine hata kumbukumbu za mahali alikoingilia. Hizo ni taarifa binafsi. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, zinazotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, zinaitazama hata anwani ya mtandao ya mtu kwa jicho hilo, nazo hazisamehewi kwa sababu tu mnacheza bila malipo.

Mwandikie kwanza. Mpe muda unaotajwa kwenye kanuni zenu. Kama haumo, mwezi mmoja si mbaya. Akikaa kimya, funga akaunti yake kama ilivyo na uiache. Fungua akaunti mpya, ihamishie wasifu wa mhusika, mengine yaanzie hapo. Andika waziwazi kwenye wasifu kwamba mhusika amebadili mkono na tarehe yake. Akirudi mwenyewe, na hurudi, wengine baada ya mwaka wakiwa wamechangamka kama waliotoka dukani, atakuta vitu vyake havijaguswa.

Tukibadilisha jina la akaunti, maandishi ya zamani yanabadilika?

Kwa programu nyingi, ndiyo. Kila andiko limefungwa kwenye namba ya akaunti, kwa hiyo jina likibadilika juu, linabadilika kote. Nukuu ndizo haziguswi: mtu alipomnukuu mwenzake, jina liliingia kama maandishi ya kawaida. Ndiyo maana unasoma hadithi ya mwaka juzi, anaongea Sabra, kisha chini ananukuliwa mtu anayeitwa vingine kabisa.

Nimekabidhiwa mhusika aliyekuwa na mchumba. Mwandishi wa mchumba anataka tuendelee palepale. Mimi simjui na najisikia vibaya. Nalazimika?

Hulazimiki hata kidogo. Lakini usimkimbie.

Akaunti iliyokufikia ina ahadi ndani yake. Mtangulizi wako aliahidi kisasi, aliahidi mtoto, aliahidi kurudi kabla ya mvua. Ahadi hizo wenzako wamezijengea miezi ya kazi. Ukizifuta kimya kimya unakuwa umewafutia wao, si wewe.

Nilipata kumrithi nahodha mzee. Sikujua mengi juu yake isipokuwa yaliyokuwa kwenye wasifu. Nikaandika onyesho langu la kwanza: anaingia baa, anavuta kiti, anaketi. Dakika kumi hazikupita, msichana aliyekuwa akiandika mhudumu wa baa akanitumia ujumbe: "Haketi kamwe akiwa amegeuzia mlango mgongo. Na huwa anahesabu hatua." Nikarudi nyuma kusoma. Kweli, kwenye maandishi zaidi ya mia mbili, nahodha alikuwa anahesabu hatua kila alipoingia mahali papya, na mwenzangu aliyemtunga hakuwahi kusema kwa nini. Halikuwemo kwenye wasifu. Lilikuwa kwenye kumbukumbu ya yule mhudumu.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, zungumza na mwandishi wa mchumba nje ya hadithi. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: sijakuzoea, na mapenzi ya maandishi na mtu nisiyemzoea yananipa tabu. Mwenye busara ataelewa. Halafu tafuteni pamoja mlango wa kutokea wenye heshima yake: safari ndefu, ugomvi wenye sababu, barua ya mwisho. Mwache yeye ndiye aandike onyesho la kuachana kama anataka. Ameshapoteza mwandishi mwenzake mara moja.

Akikung'ang'ania baada ya hapo, hilo si suala la hadithi tena. Mpeleke kwa admini.

Je, ni lazima kukabidhi? Siwezi kumuua tu mhusika wangu?

Unaweza, na mara nyingi ni bora. Mhusika aliyetoka tumboni mwako kabisa, ambaye sauti yake ni yako, mwingine atamvaa kama koti la kuazima. Wanaokabidhika vizuri ni wenye vyeo: mlinzi wa lango, jaji, mfalme. Hao hadithi inawahitaji hata kama wewe huwahitaji.

Na desturi ya kupokezana ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. MUD, mchezo wa maandishi uliofungua njia kwa haya yote, ulianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw. Alipoondoka chuoni, mwenzake Richard Bartle ndiye aliyeuchukua na kuuendeleza. Ulikuwa mchezo mzima, si mhusika mmoja.

Nikishamkabidhi, naruhusiwa kuendelea kusoma?

Ukiweza kunyamaza, soma. Wa kwangu mimi alinyolewa ndevu kwenye onyesho la pili tu. Ndevu za miaka mitano! Nikafunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Wiki iliyofuata nikarudi kusoma, na aliyempokea alikuwa ameandika kovu kidevuni, chini ya pale ndevu zilipokuwa.