Tunachagua miili, kisha tunashangaa vijeba

Mmeuliza: tufanye nini kukomesha vijeba, wachezaji waliozidi umri, kwenye soka la vijana? Nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 hapa Temeke, na swali hili linaniuma.

Kubanwa wabanwe. AFCON ya vijana ya 2019, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wasiozidi miaka 17, ilichezwa hapahapa Dar. Guinea walifika fainali, wakafungwa na Cameroon kwa penalti, kisha wakaenguliwa Kombe la Dunia: wachezaji wao wawili walikuwa na tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia kwenye mashindano ya Japani mwaka 2017. Mwanzoni mwa 2023 zamu ikawa ya Cameroon wenyewe. Vijana 30 walipimwa mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya picha ya MRI, 21 wakaonekana wamezidi umri.

Lakini kipimo hicho ni cha wenye miaka 17. Kwangu hakifiki, na kwangu ndiko ujeba unakoanzia. Mstari wa umri unakatwa Januari mosi. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule ni kundi moja, vyeti vyao vyote halali, ila mmoja amemtangulia mwenzake miezi 11. Katika umri wa miaka 12 miezi hiyo ni bega, ni mapafu, ni mpira wa kona unaofika. Msaka vipaji anakaa nusu saa, anaondoka na wenye miili.

Nilikuwa na dogo wa Desemba, mguu wa kushoto, anaona pasi kabla yetu sote. Alirudishwa mara tatu: "mdogo huyu". Akaacha. Juzi nimekutana naye sokoni, amenipita urefu, na hachezi tena. Mama yake aliwahi kuniuliza, kwa aibu, kama cheti kinaweza kupunguzwa mwaka mmoja. Nilikataa. Wangapi hawakatai? Mzazi amejifunza kutoka kwetu kwamba mwili ndio unaochaguliwa, naye anautafutia mwanawe mwili mkubwa kuliko wa wenzake.

Ubelgiji shirikisho lao lina timu za taifa za vijana waliochelewa kukua, wanaziita Futures. Hapa tuanze hata na jambo dogo: orodha anayopewa msaka vipaji iwe na mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina, na awaone mechi zaidi ya moja.

Mimi Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, nawachezesha waliozaliwa Julai hadi Desemba peke yao. Makocha wa timu kubwa, karibuni, na mkae hadi mwisho.