Linki Sina: Majibu ya Maswali Baada ya Tamasha la Filamu

Tamasha limekwisha hapa Mombasa, viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe, na maswali yamelundikana. Nusu yake ni swali moja lililoandikwa kwa mikono tofauti, basi tuanze nalo lituondokee.

Nilikosa filamu za Ijumaa usiku. Naomba linki. (Wasomaji wa Kisauni, Changamwe, Mtwapa, na mmoja wa Ukunda aliyeuliza mara nne)

Linki sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Filamu ya tamasha huja kwa ruhusa ya kuonyeshwa mara moja au mbili, mahali palipotajwa kwenye mkataba. Faili la sinema lenyewe, DCP, mara nyingi hufungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaokubali mashine moja tu, tena kwa saa zilizopangwa. Saa zikipita, hata mwenye jumba hana la kufanya. Anayekuuzia Telegram anakuuzia iliyorekodiwa kwa simu, na kikohozi cha jirani yako kimo ndani bila malipo ya ziada. Ratiba ilibandikwa mapema. Ukunda, usiulize mara ya tano.

Maandishi ya chini yalikuwa yakipita kabla sijamaliza kuyasoma. Mume wangu ati mimi ndiye mzito. Ni kweli? (Bi wa Majengo)

Si kweli, Bi, na umwonyeshe jibu hili. Mwenye makosa ni aliyeandika manukuu, yaani hayo maandishi ya chini. Hesabu yake ni hii. Mstari mmoja usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili, na msomaji apewe sekunde moja kwa kila herufi 15 hadi 17. Mistari miwili iliyojaa ni herufi 84, kwa hiyo inahitaji kama sekunde 5. Ikikaa sekunde 3 tu, umemaliza mstari wa juu na neno moja la wa chini, kisha umenyang'anywa. Hata neno moja kama "Njoo!" likae angalau sekunde nzima, na maandishi yoyote yasizidi sekunde 7, maana jicho likimaliza kusoma huanza kusoma tena.

Kosa hutoka wapi? Mfasiri anataka kuhifadhi kila neno. Manukuu si hati ya mahakama. Mtu anayebwata kwenye skrini hufupishwa, na kinachobaki ni kile ambacho kikikosekana kisa hakieleweki. Kiswahili kina bahati yake hapa: "hatukukuona" ni herufi 11, na ndani yake mna mtendaji, mtendewa, wakati na ukanushi. Kinachotuponza ni majina. "Ofisi ya katibu wa wizara ya mambo ya ndani" inakula mstari mzima peke yake. Mfasiri mjuzi huegemea vitenzi na kupunguza "ya" na "wa". Na akikata mstari, akate kabla ya kiunganishi. Ukiacha "mke wa" juu na "jirani" chini, jicho hujikwaa.

Mliolalamika kwamba maandishi yalianza vizuri yakaishia kuchelewa, hilo ni tatizo jingine kabisa. Sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde, televisheni za kwetu kwa 25. Manukuu yaliyopimwa kwenye nakala ya 24 yakitiwa kwenye nakala ya 25, filamu inakimbia mbele yake kwa asilimia 4. Dakika ya kwanza huoni kitu. Mwisho wa filamu ya dakika 90, maandishi yako nyuma kwa zaidi ya dakika 3, na watu wanacheka mazikoni. Dawa ni kuyanyoosha yote kwa programu ya manukuu. Kuyasukuma mbele sekunde kumi, kama fundi alivyokuwa akifanya kila robo saa mbele ya macho yetu, ni kuziba ngalawa kwa kidole.

Na wale waliocheka "ngâ€™ombe" kwenye skrini: faili la manukuu lilihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuandika herufi, likasomwa kama mfumo mwingine, na alama ya ritifaa iliyopinda ikageuka takataka. Lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na ng'oa haiwezi kupuuza jambo hili. Tumieni ritifaa iliyonyooka, na fungueni faili zima kwenye mashine ileile itakayoonyesha, mchana, kabla watu hawajaja.

Sasa langu, ingawa hamkuniuliza. Mbona filamu ya Kiwolof, ya Kiarabu au ya Kisomali inaletwa Mombasa ikiwa na Kiingereza peke yake chini? Waliokaa mikekani mbele wengi wao ni watu wa Kiswahili, na wakichoka kusoma wanaanza kuzungumza, halafu tunaandika kwamba hadhira ya Pwani haina adabu ya sinema. Filamu ya dakika 90 ina vipande vya manukuu takriban elfu moja. Ni kazi ya wiki moja ya mfasiri mmoja anayelipwa. Tamasha linalopata pesa za mabango, fulana na chakula cha jioni cha wageni haliwezi kusema limekosa za mfasiri. Filamu za Kiswahili nazo ziwekewe manukuu ya Kiswahili, maana viziwi wa mji huu hawaji kutazama midomo ikichezacheza.

Kiwanjani picha ilikuwa nyeupe kama maziwa. Projekta ilikuwa mbovu? (Mwalimu, Likoni)

Projekta haikuwa na neno. Mliwasha mapema, na mlikodi kitambaa kikubwa kuliko mwanga wenu.

Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni kutegemea mwezi, na nuru hubaki angani kama nusu saa zaidi. Juu ya hapo kuna adhana ya Magharibi, halafu ya Isha, ambayo huangukia baina ya saa 1:20 na saa 2 kasoro. Anayeanza filamu saa 1 anajitakia kukatizwa mara moja kwa hakika, na nusu ya watu wake watainuka kwenda kuswali. Anza saa 2:15. Giza limekamilika, watu wametulia, na filamu ya dakika 90 inaisha kabla ya saa 4.

Ama mwanga, kitambaa cha mita 4 kwa 2.25 katika giza zuri kinatosheka na lumeni (kipimo cha mwanga wa projekta) kama 1,400. Ukikodi cha mita 8 kwa 4.5, upana umeongezeka mara mbili lakini eneo mara nne, kwa hiyo unataka lumeni kama 5,600, na hapo bado hujahesabu taa ya barabarani inayomulika ubavuni. Watu huona kitambaa kikubwa wakafurahi, kisha wakakiwashia projekta ya semina. Kidogo kinachong'aa ni bora.

Kiwanja ni tambarare, kwa hiyo ukingo wa chini wa kitambaa uwe mita 1.5 au zaidi kutoka ardhini. La sivyo vichwa vya waliokaa kwenye viti vinafunika manukuu, na manukuu ndiyo yaliyo chini kabisa. Mikeka mbele, viti nyuma. Msimu wa kusi usikitandaze kitambaa kikabili upepo, kitageuka tanga na kuondoka na nguzo zake. Kielekeze upepo upite ubavuni, ukifunge kwa kamba za mpira zinazovutika, na miguu ya fremu uikandamize kwa magunia ya mchanga.

Sauti: mtu aliyekaa mita 34 nyuma husikia maneno yakichelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo mdomo na neno huanza kuachana. Kuongeza sauti za mbele hakutibu. Weka spika nyingine katikati ya kiwanja, uzicheleweshe kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, zilingane na za mbele. Wengi hawazicheleweshi, na waliokaa katikati wakasikia kila neno mara mbili.

Ile ya Kisomali ya mchimba makaburi: stelingi hapigani, hafukuzwi, anatembea tu. Ndiyo iliyopewa tuzo? (Kijana wa Bondeni)

Ndiyo hiyo. *The Gravedigger's Wife* ya Khadar Ayderus Ahmed, iliyopigwa Jibuti, ilichukua Farasi wa Dhahabu wa Yennenga mwaka 2021 huko FESPACO, tamasha la Ouagadougou lililoanza 1969. Unasema "anatembea tu" kana kwamba kutembea si kitendo. Mchimba makaburi Guled na wenzake husubiri nje ya hospitali na makoleo yao, kama vijana wa tuktuk kwenye steji, wakingoja mtu afe ndani wapate kibarua. Halafu anayeugua ni mkewe mwenyewe, figo, na pesa za upasuaji hazipo. Sasa kila hatua anayopiga kwenda kuzitafuta ni saa inayopungua kwa yule aliyelala. Ukitazama kwa kungoja ngumi, filamu nzima inapita pembeni yako.

Na ukweli mwingine: wanaojua Kisomali walicheka mapema kuliko wewe, na mahali ambapo wewe hukucheka kabisa. Rudi juu kwenye jibu la Bi wa Majengo.

Vuta N'kuvute imekatwa sana kuliko kitabu. Mbona wanaharibu? (Msomaji, Tudor)

Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu hukadiriwa kuwa dakika moja. Riwaya ya Adam Shafi ina kurasa nyingi kuliko dakika ambazo mtu anaweza kukaa bila kwenda msalani. Amil Shivji, katika filamu yake ya 2021, aliwashika wahusika Yasmin na Denge na kuacha mengi yapite. Swali la maana ni kama Unguja ya miaka ya hamsini unainusa au huinusi. Kuhesabu sura zilizokosekana ni kazi ya mtihani.

Dokumentari ya bibi anayeitwa mchawi huko Kilifi inatuaibisha Pwani. Kwa nini ionyeshwe hapa? (Hakutaja mtaa)

Ionyeshwe wapi tena, Norway? *The Letter*, ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, inamfuata mjukuu anayetoka Mombasa kurudi nyumbani baada ya bibi yake kutuhumiwa. Kenya yenyewe iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Kinachoaibisha ni kwamba mvi zimekuwa ushahidi, na kwamba mara nyingi nyuma ya neno "uchawi" kuna shamba ambalo mtu analitaka. Itazame tena, safari hii usikilize nani anataja ardhi na anaitaja wakati gani.

Watoto wanaruhusiwa?

Soma alama ya Bodi ya Filamu kwenye bango: GE wote, PG na mzazi, 16 na 18 maana yake ni miaka. Usimlete wa miaka saba kwenye 16 kisha ukawagombeza wapanga ratiba.

Nikae wapi ukumbini? (Bamburi)

Katikati, theluthi mbili kutoka mbele. Sauti ya filamu huchanganywa na fundi aliyekaa takriban hapo. Mstari wa mbele ni kwa wenye shingo za twiga.

Nina filamu fupi. Niitume matamasha mangapi, na kwa faili gani? (Kijana, Mikindani)

Matano uliyoyasoma vizuri yanapita hamsini uliyobofya. Angalia kwanza kama tamasha lina ukumbi, ratiba ya mwaka uliopita na majina ya filamu zilizoonyeshwa. Kuna "matamasha" ya mtandaoni yanayotoza ada, hayaonyeshi chochote, na kila mwezi yanamgawia kila aliyelipa picha ya majani ya ushindi. Majani hayo hayamdanganyi mchaguzi yeyote, yanamwambia tu kwamba wewe ulidanganyika. Ukitafuta la kuanzia karibu, ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, iko ng'ambo tu, Unguja.

Ufupi ni ufupi. Oscar inahesabu kuwa fupi hadi dakika 40, pamoja na majina ya walioitengeneza, lakini mpanga ratiba akiwa na nafasi ya dakika 12 hatazami ya 38. Kwa uteuzi tuma kiungo chenye nywila, na usiibadilishe nywila kabla ya majibu kutoka. Ukichaguliwa ndipo utengeneze DCP, picha 24 kwa sekunde, ukubwa wa pikseli 1998 kwa 1080 au 2048 kwa 858. Manukuu yawe faili pembeni. Ukiyachoma ndani ya picha, hakuna atakayeweza kuyabadilisha kuwa Kifaransa au Kiswahili.

Na kabla ya yote, sauti. Picha yenye chembechembe husamehewa na kuitwa mtindo. Mazungumzo yaliyorekodiwa kwa maikrofoni ya kamera, mita tatu kutoka mdomoni, upepo wa ufukweni ndani yake, hayasamehewi na mtu. Kodi maikrofoni ya kifuani, ivalishe manyoya yake ya kuzuia upepo, na kabla ya kuondoka kila mahali mnaporekodia, rekodi sekunde 30 za ukimya wa pale pale. Mhariri atakuja kuzihitaji kuzibia mapengo, na kama hazipo ataweka muziki. Ndiyo maana filamu fupi nyingi za kwetu zina kinanda kila dakika.

Naweza kuondoka majina yakianza kupanda? (Nyali)

Waweza. Tochi ya simu uizime mpaka ufike mlangoni.