Ajali za ndege ndogo tuzichunguze kama tunavyochunguza mashua

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Baada ya ajali za miaka ya karibuni, je, bado ungepanda ndege ndogo?" Mimi ni nahodha wa boti ya abiria hapa Lamu. Uwanja wetu wa ndege uko kisiwani Manda, ng'ambo ya mji, kwa hivyo anayeshuka na anayekwenda kupanda wote lazima wavushwe, na wengi wao huvuka nami. Swali lenu nilikuwa nikilisikia ndani ya boti kabla hamjaliandika. Jibu langu ni ndiyo, ningepanda, na huwa napanda. Lakini nina neno na wanaoogopa, na nina neno zito zaidi na wale wanaotutuliza.

Wanaoogopa huzitaja ajali zote kwa mkupuo. Machi 2024, ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani iligongana angani na ndege ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye ile ya mafunzo wakafa, na ile ya abiria ikarudi salama uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na watu wake 44. Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ikaanguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Agosti mwaka huo huo ndege ya huduma za matibabu ikaanguka Mwihoko, Kiambu, wakafa watu sita. Kisha tarehe 28 Oktoba ndege iliyokuwa ikiwapeleka watalii kutoka Diani hadi Maasai Mara ikaanguka Kwale, na wote 11 waliokuwemo wakaaga dunia. Mtu akishazitaja hivyo humalizia kwa kusema hizi ndege ndogo zitatumaliza.

Huzuni ya ajali hizo ninaishiriki. Ile ya Kwale ilitunyamazisha gatini siku nzima, maana marubani wanaotua Manda tunawajua kwa sura na tunawasalimia. Lakini zitazame moja moja. Ya Nairobi ni ya ndege mbili zilizokutana hewani, na swali lake ni nani alikuwa wapi, na nani alimwona nani. Ya Malindi ni ya mafunzo. Ya Mwihoko ilikuwa jeti ya injini mbili, si aina inayotubeba sisi. Ya Kwale ni ya injini moja, ya aina ambayo hutua Manda mara nyingi. Ukiacha udogo wa ndege zenyewe, sijui ni kitu gani kinaziunganisha, na udogo peke yake haujawahi kuangusha ndege.

Sisi watu wa Lamu tunajua kuuliza chombo kinapopata ajali. Mashua ikizama, hata kabla waliozama hawajapatikana wote, gatini watu wanaulizana: nahodha ni nani? Alipakia watu wangapi? Aliondoka saa ngapi, maji yalikuwa yakijaa au yakitoka? Jaketi za kuokolea zilitosha? Alikuwa na injini ya akiba? Sijapata kumsikia mtu mzima akisema kwamba mashua kwa jumla ni kitu kibaya. Mashua tunaijua. Tunajua kwamba kuvuka kutoka Manda hadi mjini na kutoka nje ya mlango wa bahari kwenda Kiwayu wakati wa kusi si safari moja, japo boti yaweza kuwa ile ile. Ndege hatujaizoea kiasi hicho, kwa hivyo zote tunazitia kapu moja.

Sasa wanaotutuliza. Kila ikitokea ajali utasikia afisa au mtu wa kampuni akisema redioni kwamba usafiri wa ndege ni salama kuliko gari. Kauli hiyo ni kweli kwa ndege kubwa za mashirika, zenye marubani wawili, injini mbili au zaidi na watu chini wanaofuatilia hali ya hewa ya njia nzima. Ukiihamisha na kuipa kila kitu chenye mabawa, si kweli tena. Marekani wanaweka hesabu hizi kwa makini sana, na huko ndege ndogo za binafsi na za mafunzo hupata takriban ajali moja yenye vifo katika kila saa 100,000 za kuruka. Hicho ni kiwango cha juu mara nyingi kuliko cha mashirika makubwa. Ndege ndogo za kubeba abiria kwa nauli, zenye rubani mzoefu na kampuni inayokaguliwa, huwa katikati ya makundi hayo mawili. Anayetuambia kwamba yote ni salama sawasawa hatuheshimu. Tukija kuona moshi kwenye simu zetu tunadhani tumedanganywa, na tangu hapo hatumwamini hata anaposema kweli.

Tena hapa kwetu kipimo si ndege peke yake. Kipimo ni ndege ukiilinganisha na nini. Nchi yetu hupoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani. Barabara ya kutoka Garsen hadi Mokowe sasa ina lami, lakini hakuna familia Lamu isiyokumbuka mabasi yaliyoshambuliwa humo na misafara iliyobidi kusindikizwa na askari. Mgonjwa anayehitaji kufika Mombasa leo, mama mwenye uchungu uliomshinda mkunga, hao hawachagui kati ya ndege na usalama. Wanachagua kati ya hatari moja na nyingine, na mara nyingi ndege ndiyo nafuu.

Kuna dhana moja nataka kuiondoa, kwa sababu naisikia zaidi ya zote: kwamba injini ikizimika ndege inaporomoka wima. Haiporomoki. Ndege ndogo ya mafunzo ikizimikiwa na injini ikiwa kilomita moja juu, na hewa imetulia, inaweza kuteleza umbali wa kilomita tisa hivi kabla ya kugusa chini, na rubani ana muda wa kutafuta shamba au ufuo. Hatari kubwa ni injini kuzimika muda mfupi baada ya kupaa, ndege ikiwa chini bado, na rubani akashawishika kugeuza ili arudi uwanjani. Akiinua pua kupita kiasi huku mwendo umepungua, hewa huacha kulibeba bawa, na akiwa chini kiasi hicho hana nafasi ya kurekebisha. Ajali nyingi za ndege ndogo duniani zinatokana na mambo ya namna hiyo: kupoteza udhibiti, kuingia kwenye wingu bila maandalizi, kuishiwa mafuta. Ni maamuzi ya watu zaidi kuliko vyuma kukatika. Hilo kwangu ni habari njema, maana maamuzi yanafundishika.

Na abiria naye yumo katika maamuzi hayo. Uwanjani Manda, mzigo wako huwekwa kwenye mizani, na kwenye ndege nyingi ndogo kikomo ni kilo 15. Nimemshuhudia mama mmoja akipandwa na hasira mbele ya mizani kwa sababu ya ndoo ya samaki wakavu na halwa ya harusi. "Mwanangu, kilo nane tu ndiyo itaangusha ndege?" Kijana wa mizigo alimjibu kwa upole kwamba kilo nane zake, na za aliye nyuma yake, na za aliye nyuma ya huyo, ndizo zinazoangusha. Akaongeza kwamba adhuhuri ya kaskazi, jua likiwaka hivi, hewa huwa nyepesi na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kupaa. Halwa ilipanda, ndoo ilibaki. Nilirudi nayo mjini nikaipeleka kwao.

Siku nyingine, msimu wa mvua, wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa bara kama ukuta. Rubani alizunguka ndege yake, akachota mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, akakiinua usawa wa macho kutazama kama kuna maji. Alirudia bawa la pili. Kisha akasimama akilitazama lile wingu kwa muda, akawaambia abiria hatutaondoka sasa. Wageni wakaanza: kepteni, tutaikosa ndege ya Nairobi, kepteni, nani atatulipia hoteli? Mmoja alimwambia kwamba rubani wa wiki iliyopita alikuwa jasiri zaidi. Yule rubani hakubishana. Alifunga mlango wa ndege, akaketi kivulini.

Niliwarudisha mjini abiria wale wakinung'unika njia nzima. Nahodha akikataa kutoka mlango wa bahari wakati wa kusi, hapa Lamu hakuna mtu mwenye akili anayemwita mwoga, na hata watoto hufundishwa hivyo. Kwa nini rubani tumnyime heshima hiyo? Anayemsukuma rubani aondoke anayaweka maisha ya wenzake kwenye haraka yake. Kampuni inayomsukuma ni mbaya zaidi. Ningependa kila tiketi ya ndege ndogo iandikwe kwa herufi kubwa kwamba rubani akiahirisha safari kwa ajili ya hali ya hewa, abiria atabadilishiwa siku bila malipo. Hapo sababu ya kumsukuma itapungua.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni ripoti. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege zinataka taarifa ya awali ndani ya siku 30, na ripoti kamili ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Zinasema wazi kwamba lengo ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kumtwika lawama. Kenya ina idara yake ya kuchunguza ajali za ndege, na kazi hiyo inafanywa. Lakini ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, hutoka wakati watu wameshasahau, na haifiki kwa mtu aliyeuona moshi kwa macho yake. Ajali yenyewe sote tuliiona kwenye simu ndani ya saa moja. Sababu yake hatukuambiwa. Pengo hilo ndilo linalojazwa na uvumi, na mimi simlaumu anayeujaza, kwa sababu amekatiwa maji halafu anaulizwa kwa nini anachimba kisima.

Na hapa narudi Kwachocha, maana ajali hiyo ina jambo ambalo swali lenu limelisahau. Mmeuliza kama tungepanda. Watu watatu waliokufa pale hawakuwa wamepanda. Walikuwa chini, barabarani, kwenye shughuli zao, na waliokuwa ndani ya ndege ndio walionusurika. Anayepanda ndege amekata tiketi na ameamua. Anayeishi karibu na uwanja wa Malindi, au anayepita hapo na bodaboda kila asubuhi, hajaulizwa na mtu. Kwa kuwa ajali nyingi hutokea wakati wa kupaa na kutua, wao wanaishi kando ya hatari hiyo kila siku, na mji unazidi kuusogelea uwanja huku mipango ya kuurefusha ikizungumzwa mwaka nenda mwaka rudi.

Kwa hiyo ningewashauri wahusika waanzie kwao. Waitishe baraza pale Kwachocha. Mchunguzi aje na ripoti ya Kiswahili mkononi, aeleze ndege ile ilifanya nini tangu ilipowasha injini hadi ilipoanguka, na ni kipi kimebadilishwa baada yake. Aeleze mafunzo ya kupaa na kutua yanafanyika saa ngapi na upande gani, na kama yanaweza kusogezwa upande wa baharini. Mtu wa bima naye awepo, aseme mtu wa chini analipwaje na aende ofisi gani. Kisha wenyeji waulize mpaka waridhike, hata kama ni mpaka magharibi. Siku hiyo nitaifunga boti gatini, nichukue basi la alfajiri kutoka Mokowe nikasikilize, na nitawaomba manahodha wenzangu tufuatane.

Msomaji wenu, Lamu